Tundu Nililosema Mungu Ameniachia

Ndugu zangu, kabla sijaanza nina ombi moja. Chekeni sasa. Chekeni mpaka mridhike, maana hii habari ikiisha nitaonekana mjinga, na sitaki mtu anianze tena wakati wa chai. Nusu yake mnaijua. Niliwatangazia mwenyewe kwenye ile ibada ya simu wakati wa corona, na baba mchungaji akasema amina. Baba mchungaji, usiangalie chini. Ulisema amina, tena mara mbili.

Mimi mnanifahamu. Nimezaliwa kambi ya wakimbizi, shule nimeishia la sita, Kiingereza nimeokota kazini, ndiyo maana matusi nilijua kabla ya salamu. Tulipofika Sydney mimi na mama tulipewa nyumba Macquarie Fields, na baadaye nikapata kazi Granville, kwenye karakana ndogo ya vyuma. Tunatengeneza mageti, tunatengeneza vyuma vya kushikilia ngazi, na vile vipande vya kufungia geti ukutani. Kazi yangu ni kutoboa. Asubuhi natoboa, mchana natoboa, nikilala naota natoboa. Mashine imesimama mbele yako, biti, yaani kile chuma cha kutobolea, inazunguka juu, wewe unashusha mpini, chuma kinatoboka, unaleta kingine. Wakati ule mtu angeniuliza kama naipenda ile kazi ningemcheka. Nilikuja kujua naipenda siku nilipoikosa.

Siku yangu ya kwanza, bosi, mzee mmoja wa maneno machache, alinisimamisha mbele ya ile mashine. Akavua saa yake, akaniambia nami nivue yangu, halafu akaninyooshea mikono mitupu. Akasema kwenye kukata vaa glavu, kwenye kuchomelea vaa glavu, hapa usivae kabisa. Biti ikishika uzi mmoja tu wa glavu haiachii, inakuvuta wewe mzima. Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa, msinione hivi.

Halafu corona ikaja.

Sasa mama yangu, yule amekaa pale kwenye kiti cha pili, anafanya kazi ya kutunza wazee. Anavaa glavu kutoka asubuhi mpaka jioni. Tena mama na mikono ni habari ndefu. Kule kambini, wakati wa kipindupindu, alimzika mdogo wake, na watu wa afya wakamwambia ugonjwa ulipita mikononi. Tangu hapo mama hamwangalii mtu usoni kwanza, anamwangalia mikono. Ukija kwetu, hata uwe mzee wa kanisa, utanawa ndipo usalimiwe. Hao wanaocheka hapo nyuma wote wamenawishwa, nawajua.

Corona ilipoanza kusogea upande wetu wa mji, mama akaenda dukani akaninunulia glavu. Za kitambaa, nene, zile za watu wa bustani. Zina maua ya zambarau. Akaniambia huko karakana kila mtu anashika kila kitu, kwa hiyo nisizivue mpaka nirudi nyumbani. Nikamwambia, mama, kwenye mashine yangu bosi amekataza.

Akaniuliza, "Huyo bosi wako amewahi kumzika mtu wa kipindupindu?"

Nyie mngejibu nini?

Basi nikafanya ujinga wa kwanza. Hesabuni wenyewe, maana unakuja mwingine. Bosi akiwa karibu navua, bosi akitoka navaa, nikajiona nimewaheshimu wote wawili. Siku moja bosi akatoka nje kupokea mzigo. Nikavaa maua yangu, nikashusha mashine, nikapeleka vidole kupangusa vumbi la chuma pembeni ya biti. Sitaeleza sana, kuna watu hawajanywa chai. Uzi ulishikwa. Nilisikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi, halafu mashine ikanyamaza kwa sababu bosi alikuja mbio akapiga kile kitufe chekundu.

Mkono wa kulia. Mifupa ilivunjika, na ile kano ya dole gumba ikachanika. Hospitali wakanitia vyuma ndani ya mkono. Mimi mtoboaji nikatobolewa. Bosi hakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya corona, akakaa ndani ya gari lake pale nje mpaka mama akafika. Na mama alipofika, kitu cha kwanza alichoona ni zile glavu ndani ya mfuko wa plastiki, zimekatwakatwa na mkasi wa daktari. Akauchukua ule mfuko, akaubana kifuani. Ndugu zangu, nawaambia, heri angenizaba kofi.

Daktari hakutudanganya. Alisema huenda dole gumba litarudi kushika, huenda lisirudi. Bosi akanitumia ujumbe kwamba nafasi yangu ipo, nimpigie mkono ukianza kufanya kazi. Halafu lokdauni ikaanza, mnaikumbuka, ile ya upande wetu, helikopta juu na polisi chini, tukawa ndani.

Maumivu ya mkono niliyazoea. Sikuyazoea ya mama. Mama akaacha kuimba jikoni. Ananikatia nyama kama mtoto, ananifunga vifungo vya shati, na haniangalii. Siku moja nikamsikia anaongea na mama mwenzake kwenye simu, anasema, "Mwanangu nimemkata mkono mimi mwenyewe." Alisema taratibu, kama mtu anayetaja jina lake. Pale nikajua shida yangu ni moja tu. Huu mkono usiporudi kazini, mama atasema maneno yale mpaka siku anaingia kaburini.

Hospitali walinipa dada wa mazoezi ya mikono, alikuwa ananiona kwa video. Ananiambia bana sponji. Nabana, sponji inaniangalia tu. Nikaacha. Nikawa nampigia simu nikiwa nimelala, nimevaa shati safi juu na blanketi chini, namwambia nafanya, nafanya.

Sasa mnajua tabia ya huu mji, mtu akichoka na kitu anakiweka nje barabarani, anayekitaka abebe. Wakati wa lokdauni watu walichoka na kila kitu. Nikatoka kutembea ile saa moja tuliyoruhusiwa kunyoosha miguu, nikaona mbele ya nyumba moja, katikati ya godoro na televisheni mbovu, kuna chuma cheusi. Nikainama. Nikaijua palepale. Ilikuwa mashine ya kutoboa, lakini ya zamani sana, ya kabla ya umeme, ile ya kufunga kwenye nguzo. Gurudumu kubwa pembeni, mpini wa kuzungushia kwa mkono, biti chini. Nzito kama dhambi. Niliileta nyumbani kwenye toroli la sokoni, nasukuma kwa mkono mmoja na tumbo. Mama akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni mchumba. Hakucheka.

Nikaifunga kwenye nguzo ya gereji, nikaisugua, nikatia mafuta ya kula. Ikazunguka. Lakini niwaeleze inavyofanya kazi ili muuelewe ujinga wangu vizuri. Mkono mmoja unazungusha mpini, biti inazunguka. Mkono wa pili unazungusha kigurudumu cha meno kilichoko juu, hicho ndicho kinachosukuma biti ishuke ndani ya chuma. Mikono miwili. Mimi nina mmoja. Nikizungusha chini, juu hakuna mtu. Nikienda juu, chini kumesimama.

Nikakaa nikaiangalia. Siku nzima, kesho yake tena. Nikajisemea, hili gurudumu kubwa linazunguka tu, kwa nini lisimsukume yule wa juu? Nikaona kwenye mhimili wa gurudumu kuna kinundu, sijui cha nini. Na pembeni, kwenye mwili wa mashine, kuna tundu. Safi, la duara, limepita upande wa pili, halina kazi yoyote. Nikachukua breki ya baiskeli kuukuu, nikaipinda, nikaipitishia bolti kwenye lile tundu ili ichezecheze. Upande mmoja unakaa juu ya kinundu, upande wa pili unagusa meno ya kile kigurudumu. Ukizungusha mpini, kinundu kinainua breki, breki inasukuma jino moja. Zungusha tena, jino lingine. Ilinichukua muda mrefu, naisugua, naipinda, inakataa, naipinda tena. Na siku moja ikakubali. Nikazungusha kwa mkono wa kushoto peke yake, biti ikashuka yenyewe, ikatoboa chuma mpaka upande wa pili.

Nililia, sioni haya kusema. Nikamwita mama gereji, nikatoboa mbele yake. Mama akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Kumbe Mungu alikuwa na sababu." Jioni ile nikamsikia anaimba. Siyo sana, kidogo tu, kwenye sufuria.

Hapo ndipo kichwa kikanivimba.

Jumapili nikaomba nafasi ya ushuhuda kwenye simu. Mnakumbuka. Nikasema Mungu amenifunulia mashine ambayo haijawahi kuwepo duniani. Nikasema, na hapa mnisamehe, kwamba Mungu kwa upendo wake aliniachia tundu kwenye chuma, pale pale nilipolihitaji, tangu enzi na enzi. Amina. Nikawaahidi kwaya kinanda kipya. Nikamwahidi baba mchungaji gari la kanisa, na yeye, mtu wa Mungu, akauliza rangi.

Nikasikia kuna kitu kinaitwa patenti, yaani karatasi ya serikali inayosema hiki ni cha fulani, mwingine asikiige. Nikasema lazima niipate. Nikampelekea bosi video ya mashine yangu, anione. Akanijibu kwamba kazi ni nzuri sana, lakini kitu kile kilikuwepo tangu zamani, nimpigie tuongee.

Mimi nikasoma mle ndani kitu kimoja tu, kwamba anataka kuniibia. Na hapa kuna baba mmoja, simtaji, amevaa kofia, alinichochea kwamba matajiri wote walianza hivyo, wanamwambia mdogo kitu chako hakina maana, kesho wanakiuza. Bosi akapiga, sikupokea. Akapiga tena. Nikamzima kabisa kwenye simu. Yule yule aliyenizimia mashine na kukaa ndani ya gari hospitalini. Mama akiniuliza, bosi amesema nini kuhusu kazi, namwambia, mama, mimi sasa sitakuwa mtu wa kuajiriwa. Anatabasamu. Na mimi nikiona anatabasamu, nazidi.

Kuna dada wa kwaya, Kiingereza chake kizuri, alijitolea kunisaidia kuomba hiyo patenti. Akaniambia kwanza lazima atafute kama hakuna mwenzangu aliyetangulia, siku hizi michoro ya zamani yote iko kwenye mtandao. Nikamwambia tafuta mpaka uchoke.

Jumamosi moja akanitumia picha. Nikafungua. Ni mchoro, kalamu nyeusi, mistari safi. Gurudumu kubwa pembeni, mpini, kigurudumu cha meno juu, na pale katikati ule mkono wangu wa breki, umelala juu ya kinundu, unasukuma jino. Nikafurahi sana. Nikamwandikia, "Dada, asante kwa kunichorea mashine yangu, unajua kuchora."

Akanipigia. Sauti yake ikawa ya pole pole, kama muuguzi.

"Ndugu yangu, sijachora mimi. Hii ni patenti ya mtu. Alikufa kabla bibi yako hajazaliwa."

Nikamwambia labda imefanana tu. Akaniambia niangalie vizuri mkono ule umeshikiliwa wapi. Nikaangalia. Umeshikiliwa na bolti. Na bolti imepita kwenye tundu. Tundu langu, ndugu zangu. Lile la enzi na enzi. Mungu hakuniachia tundu. Mkono wa asili ulivunjika au ulidondoka, mtu akaitumia mashine hivyo hivyo, mwingine akaitupa barabarani, na tundu likabaki linamsubiri mjinga kutoka Macquarie Fields. Dada akasema tena siyo huyo mmoja, zamani zile kila mtu alikuwa ana wazo lake la kuishusha biti yenyewe, michoro ni mingi, wamegombania kweli kweli.

Nilikaa juu ya ndoo pale gereji. Aibu mbele yenu niliiona, kinanda nilikiona, gari na rangi yake nililiona, lakini hivyo siyo vilivyonikalisha. Nilifikiri nitamwambia nini mama. Mama ameanza kuimba kwa sababu anaamini zile glavu zimeleta baraka. Nikimwambia hakuna kitu, itakuwa nimemrudisha kule, kwenye kumkata mwanawe mkono. Nikawaza nisimwambie. Lakini mama ataniuliza kila siku karatasi imefika wapi, na mimi kuongopa sijui, mnaniona ninavyotoka jasho hapa na ukweli.

Nikaingia jikoni. Anachambua mboga. Nikamweleza yote bila kupumua. Nikamwambia mama siyo mimi, ni mtu wa zamani, tazama hapa, huu mkono, hili tundu, yote ni yake. Namwonyesha simu, nakuza mchoro ili auone vizuri. Mama haangalii mchoro. Ameacha mboga, anaangalia chini ya simu. Nikasema, mama, umenisikia? Nimekuambia hakuna patenti.

Akasema, "Simu umeshika na mkono gani?"

Nikaangalia. Kulia. Simu imekaa kati ya dole gumba na kile cha pili, imebanwa, haianguki. Sijui ilikuwa hivyo tangu lini. Kumbe siku zote zile kule gereji, kushoto kunazungusha, kulia kunashika nati za bolti, kunashika msasa, kunashika breki isiteleze, mimi nimeshughulika na utajiri sina habari na kidole. Ile sponji ilinishinda kwa sababu sponji haina kazi. Mama akanipa kijiko, akasema shika. Nikashika. Akanipa sahani. Akanipa kitunguu. Akanipa vitu vyote vya jikoni kimoja kimoja, na mimi napokea, analia anacheka, mpaka nikamwambia, mama, jiko lenyewe siwezi kubeba. Akakaa chini pale pale sakafuni. Akasema, "Sasa mimi nitalala."

Patenti hakuiuliza tena. Aliuliza kitu kingine, kama bosi nimeshampigia.

Nikampigia. Niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Akapokea. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba nilimdhania mwizi. Aliniacha nimalize, halafu akasema yeye alidhani nimehama mji. Jumatatu alikuwa anamwingiza mtu mwingine, na walishapatana. Mashine kama ile, akasema, baba yake alikuwa nayo kwenye karakana ya zamani, na alikuwa ananitafuta kwa sababu ule mkono wa asili anao, alitaka kunipa nilinganishe na wangu. Nikamuuliza na yule mtu wa Jumatatu itakuwaje. Akasema kazi ya watu wawili haikosekani karakana zikifunguliwa hiyo Jumatatu, ila mimi nianze taratibu, nusu siku, na niache kuzima simu.

Nimerudi. Natoboa, mikono mitupu. Dole gumba bado linauma asubuhi ya baridi, linalalamika kama mzee, lakini linashika. Ule mkono wa asili bosi alinipa. Nimeuweka karibu na wangu wa breki ya baiskeli. Wa kwake umenyooka, mzuri kabisa. Wa kwangu unafanana na mjusi aliyekanyagwa. Lakini yote miwili inasukuma jino moja.

Basi nawashukuru. Namshukuru huyo dada wa kwaya kwa kuniambia ukweli kwa sauti ya pole pole, angeweza kunicheka hewani. Namshukuru dada wa mazoezi, nilimdanganya na hakukata tamaa. Nawashukuru nyie mliotuletea ugali mkaacha mlangoni na kukimbia kama wezi. Bosi wangu hayupo hapa, na Kiswahili hajui, lakini namshukuru, na Mungu atamtafsiria. Na mama. Mama, glavu zilikuwa za upendo. Zilikuwa mbaya sana kwa sura, lakini zilikuwa za upendo.

Ninachowaachia ni hiki. Nilipoteza muda mwingi nikitaka kuwa wa kwanza, na mtu anayenitakia mema nikamfungia simu. Kuwa wa kwanza kusingenipa kidole. Kilichonipa kidole ni kuhangaika na kitu chenye kazi. Kama una mtu anakupigia na humpokei kwa sababu umemdhania, leo ukitoka hapa kanisani Doonside, kabla hujapanda treni, mpigie.

Wiki iliyopita nilijaribu kwanza huu ushuhuda kwenye maombi ya nyumbani, wachache tu, nione kama nitaweza. Nilipomaliza, mama mmoja mshonaji, yule ambaye goti lake la upande mmoja limekufa, akanivuta pembeni. Akaniambia cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu uliobaki unachoka, je, naweza kufunga kitu kiwe kinausaidia? Mimi nimeshapata adabu, nikamwambia, mama, nikikutengenezea, ujue hicho nacho kitakuwa kilishatengenezwa zamani na mtu mwingine.

Akaniangalia kama anavyoangalia kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Sijakuuliza nani alitengeneza," akasema. "Nimekuuliza unakuja lini."